Nyota moja na nusu kwa ofisi ya mawakili iliyotuhesabia siku

Jumanne iliyopita, saa kumi alfajiri, nikiwa zamu, simu ilitetemeka mfukoni. Ofisi ya mawakili iliyoendesha shauri la mdogo wangu inanishukuru kwa kuwaamini na inaniomba maoni, "ni dakika mbili tu". Chini ya ujumbe kuna nyota tano za kijivu zinazosubiri kugongwa ziwe za njano. Nilisonya kwa nguvu mpaka bibi niliyekuwa namgeuza kitandani akafumbua jicho moja, akidhani nimemsonya yeye. Nikamwomba radhi.

Dakika mbili hazinitoshi, na kile kisanduku walichoacha cha kuandikia hakifiki hata salamu za watu wa Tanga. Naandika hapa, kwa Kiswahili, kwa sababu najua wapo wenzangu Houston, Dallas, Columbus na kwingineko Marekani wenye ndugu gerezani, ambao wiki hii au ijayo watakwenda kukalia viti kama nilivyokalia mimi. Jina la ofisi silitaji. Malalamiko yangu ya kurudishiwa fedha bado hayajaisha, na barua zao zenye nembo ya dhahabu ninazo za kutosha.

Nianze na mazuri. Ofisi iko ghorofa ya 14, lifti haisumbui, kahawa ni ya bure na wala si maji. Dada wa mapokezi alilijua kwa kichwa jina la mdogo wangu pamoja na namba yake ya gereza, na siku niliyolia pale alinigeuzia kiti nitazame dirishani wateja wengine wasinione. Nusu nyota ni yake. Ile moja nzima nimeitoa kwa sababu mtambo wao haupokei sifuri.

Sasa shauri lenyewe. Mwaka 2019 jopo la raia 12 hapa Harris County, wilaya yenye jiji la Houston, lilimtia mdogo wangu hatiani kwa unyang'anyi wa kutumia silaha kwenye kituo cha mafuta. Akapewa miaka 30, ileile ambayo kwetu Tanzania ndiyo ya chini kabisa kwa kosa hilo. Simtetei kwa kila kitu. Ujana wake umetugharimu sana. Lakini kadi yake ya mahudhurio kazini, kwenye ghala la vipuri vya magari, inaonyesha usiku ule aliingia saa nne kasoro dakika sita. Kituo kilivamiwa saa nne na robo, na kutoka ghalani hadi pale ni mwendo wa dakika 40 barabara ikiwa nyeupe. Wakili wa kwanza, yule aliyepangiwa na mahakama, hakuiomba hiyo kadi wala hakumwita msimamizi wa zamu aje atoe ushahidi. Hilo ndilo tulilotaka lisikilizwe: kwamba alitetewa ovyo kiasi cha kunyimwa haki ya wakili aliyopewa na katiba yao. Rufani za jimbo zikiisha, mlango wa kulipeleka jambo la namna hiyo mahakama ya shirikisho ndio huo unaoitwa habeas corpus.

Tulinunua huduma mbili. Ombi la ngazi ya jimbo, dola 6,000. Ombi la shirikisho, dola 8,500. Nililipa kwa mafungu, kila mwezi nikitoka zamu za usiku, na risiti ninazo zote kwenye kopo la biskuti. Mkijua ada ambayo mahakama yenyewe inatoza kupokea ombi la habeas corpus la shirikisho mtacheka: dola 5. Sambusa tatu na chai.

Kitu ambacho hakuna aliyenieleza siku ya kusaini, na ambacho kilipaswa kupigwa msumari juu ya mlango wao, ni kwamba ombi hili lina mwaka mmoja. Sheria hiyo aliitia saini Rais Bill Clinton tarehe 24 Aprili 1996, mwaka mmoja baada ya jengo la serikali kulipuliwa kule Oklahoma City. Walitaka kesi za waliohukumiwa, hasa wale wa kunyongwa, zisiburutwe miaka na miaka. Mwaka unaanza hukumu inapokuwa ya mwisho, na saa yake inakwenda kama ya mpira wa kikapu: ombi likiwa mbele ya mahakama za jimbo inasimama, likishatolewa uamuzi inaendelea pale ilipoishia. Hairudi mwanzo.

Mimi kazi yangu ni kuhudumia wazee. Kila baada ya saa mbili namgeuza asiyeweza kujigeuza, naandika saa na dakika, natia sahihi. Nikichelewa, mgongo wa mtu unaoza. Kwa hiyo mtu asiniogopeshe kwa tarehe. Nilikaa nazo mezani na kalenda ya msikiti, ile yenye nyakati za sala, nikazihesabu kwa kalamu nyekundu.

Tarehe 15 Septemba 2021 mahakama ya juu ya jinai ya Texas, kule Austin, ilikataa kuipitia rufani yake. Kuanzia hapo zipo siku 90 za kwenda Mahakama ya Juu ya Marekani ukitaka. Hatukwenda, lakini siku hizo unapewa, hazihesabiwi dhidi yako. Saa ikaanza kukimbia 14 Desemba 2021. Ofisi tukasaini nayo Januari 2022. Ombi la jimbo wakalipeleka 20 Septemba 2022. Miezi minane kasoro tangu watie fedha mfukoni, "tunakusanya jalada", na saa inakwenda. Siku 279 zimeliwa, zimebaki 86. Tarehe 8 Machi 2023 jimbo likakataa, neno moja, bila maelezo. Hesabu 86 kutoka hapo unafika Ijumaa, 2 Juni 2023.

Bwana wakili alipeleka ombi la shirikisho tarehe 25 Agosti.

Kwa nini? Kwa sababu alidhani baada ya jimbo kukataa mara ya pili unapewa tena zile siku 90. Kwenye hesabu zake mwisho ulikuwa 31 Agosti, akajiona amewahi kwa siku sita. Ukweli ni kwamba alichelewa kwa siku 84. Na kosa lenyewe si jipya. Mwaka 2007 mfungwa mmoja wa Florida, Gary Lawrence, aliponzwa na hesabu hiyohiyo. Yeye ombi lake la jimbo lilipelekwa siku ya 364, akabakiwa na siku moja tu. Mahakama ya Juu, majaji watano kwa wanne, ikasema siku 90 za mara ya pili hazisimamishi saa, na wakili kukosea hesabu si sababu ya kusamehewa. Yaani miaka 16 kabla ya shauri letu jibu lilikuwa limeshaandikwa. Mimi mhudumu wa wazee nililipata usiku mmoja kwa simu yenye kioo kilichopasuka.

Hapa naingiza tathmini ya huduma nyingine, kwa sababu bila hiyo nisingejua lolote. Mahakama za shirikisho zina mtandao wa majalada unaoitwa PACER. Unajiandikisha, unatafuta jina la ndugu yako, unaona kila karatasi iliyoingia. Senti 10 kwa ukurasa, waraka mmoja hauzidi dola 3, na ukitumia si zaidi ya dola 30 kwa miezi mitatu hudaiwi kitu. Sura yake ni ya kizamani, kama kompyuta za shule zetu. Nyota nne. Humo ndimo nilimosoma hoja ya upande wa jimbo, inayoomba shauri litupwe kwa sababu limeletwa nje ya muda. Ofisi ilikuwa nayo wiki tatu, haikunipigia. Nilipopiga mimi, nikaambiwa, "Ni jambo la kawaida, mama, tunalijibu."

Kilichoniuma zaidi ni barua. Mdogo wangu si mtu wa kukaa kimya. Tarehe 19 Machi 2023 aliwaandikia: tarehe ya mwisho ni lini? Wakajibu 11 Mei, kwa ile karatasi yenye nembo, kwamba anao muda hadi mwisho wa Agosti na asiwe na wasiwasi. Akaenda maktaba ya sheria ya gereza, akasoma, akaona haviendani. Tarehe 22 Mei, siku 11 kabla ya mlango kufungwa, akaandika tena, kwa mkono, herufi zake zile za kulala kushoto: nadhani zile 90 hazihesabiwi, tafadhali hakikisheni. Hakujibiwa. Nakala anazo zote, maana marehemu mama alitufundisha kunakili kila barua kwenye daftari la hesabu kabla ya kwenda posta.

Tarehe 16 Aprili 2024 jaji wa shirikisho hapa Houston akalitupa ombi. Kadi ya mahudhurio haikufunguliwa. Kwenye kurasa 11 inatajwa mara moja tu, kwamba kadi mtu anaweza kugongewa na mwenzake, kwa hiyo haitoshi kuonyesha kwamba hana hatia kiasi cha kuuruka ukomo wa muda. Zilizobaki zote ni tarehe. Na jaji akasema mfungwa mwenye bidii, akishaona shaka ile tarehe 22 Mei, angeandika ombi lake mwenyewe na kulituma. Niliposoma hapo nilitoka nje nikakaa garini. Mtu ana wakili aliyelipiwa dola 14,500, ana barua yake inayosema Agosti, halafu anaulizwa kwa nini alimwamini.

Ofisi ikapiga siku iliyofuata. Rufani kwenda mahakama ya rufani ya shirikisho kule New Orleans, dola 7,500, wana punguzo kwa wateja wa zamani.

Nikakata simu. Huo ndio mwisho wa huduma yao, na hapo ndipo kazi ilipomrudia mdogo wangu. Taarifa ya rufani ina siku 30, yaani hadi 16 Mei. Aliiandika mwenyewe, ukurasa mmoja, akamkabidhi afisa wa barua gerezani tarehe 9 Mei, na chini akaandika tamko kwamba ameikabidhi siku hiyo, stempu zimelipwa. Karani wa mahakama aliigonga muhuri tarehe 20. Nilipoiona hiyo tarehe 20 kwenye PACER moyo ulinishuka hadi visiginoni. Kumbe ipo kanuni: mfungwa hana miguu ya kwenda posta wala simu ya kumwuliza karani, kwa hiyo karatasi yake inahesabiwa imefika siku aliyoikabidhi gerezani. Iliwekwa mwaka 1988 kwa shauri la mfungwa wa Tennessee aliyekabidhi taarifa yake siku ya 27 na ikagongwa muhuri siku ya 31. Jina lake lilikuwa Prentiss Houston. Na sisi tuko Houston. Nilicheka peke yangu jikoni.

Mjomba wangu alikuwa askari magereza pale Maweni, Tanga. Nilimpigia kumsimulia, akaona ni jambo la wazi kabisa. Kwetu mfungwa anapitisha taarifa ya rufani kwa mkuu wa gereza, na akichelewa anaomba kuongezewa muda kwa kueleza sababu za msingi. "Sasa huko hawaombi?" akaniuliza. Wanaomba, mjomba. Kupewa ndiyo kazi.

Wakili mpya nilielekezwa na mama mmoja wa Kikongo tunayefanya naye kazi. Ofisi yake iko barabara ya Bissonnet, juu ya saluni ya kusuka, ngazi zinanuka mafuta ya nazi. Hana kahawa. Swali lake la kwanza halikuwa mdogo wangu alifanya nini. Alisema, "Tarehe," akachukua kalamu, akageukia ubao mweupe. Nilimtajia zote bila kufungua mkoba. Akahesabu mara mbili, mara ya pili kinyumenyume, ndipo akaketi.

Alinieleza kwa lugha ambayo ningeweza kumsimulia mtu mwingine. Ukishachelewa zimebaki njia nyembamba. Moja ni kuonyesha mambo mawili kwa pamoja: kwamba ulikuwa na bidii, na kwamba kuna jambo lisilo la kawaida lililokuzuia. Kosa la kawaida la wakili haliingii humo, kwa sababu katika hatua hii katiba haidai upewe wakili, basi uliyemweka ni wakala wako na kosa lake ni lako. Nikamwambia kwetu tungesema umemtuma mtu sokoni, kaleta samaki aliyeoza, mchuzi unakunywa wewe. Akaandika hiyo pembeni.

Nikamuuliza, na kama aliyekosea siku ni jaji mwenyewe? Akavua miwani. Akanisimulia habari za Keith Bowles wa Ohio. Mwaka 2004 jaji alimfungulia muda wa kukata rufani. Kanuni inaruhusu siku 14, jaji akaandika amri yenye siku 17, hadi 27 Februari. Bowles akapeleka tarehe 26, ndani ya amri aliyopewa mkononi. Mahakama ya Juu, watano kwa wanne, ikasema amechelewa, na jaji hana mamlaka ya kugawa siku ambazo sheria haikumpa. Hiyo ilikuwa 14 Juni 2007. Nilikaa kimya muda. Nilifikiri anaelekea kuniambia nirudi nyumbani na dola zangu.

Halafu akasema, tarehe hiyohiyo, 14 Juni, miaka mitatu baadaye, mahakama ileile iliamua shauri la Albert Holland wa Florida. Holland alimwandikia wakili wake barua baada ya barua kumkumbusha ukomo, akaiomba mahakama ya jimbo imwondolee wakili huyo, hakuna aliyemsikiliza. Jimbo likatoa uamuzi, wakili hakumwambia. Aligundua mwenyewe maktaba ya gereza, wiki tano baada ya muda kwisha, na kesho yake ombi aliloliandika kwa mkono likawa kwenye posta. Majaji saba kwa wawili wakakubali kwamba ukomo huu unaweza kulegezwa, na kwamba wakili anayemtelekeza mteja wake anaweza kuwa zaidi ya kosa la kawaida. "Mdogo wako yuko katikati ya hawa wawili," akaniambia. "Barua zake zinamsogeza kwa Holland. Kutokuandika ombi mwenyewe kunamrudisha. Uwezekano ni mdogo. Ukiamua kutumia hela zako kwingine nitakuelewa."

Hakuna mtu wa ghorofa ya 14 aliyewahi kunitamkia neno "mdogo".

Alitoza dola 2,800, na dola 605 za mahakama ya rufani zikawa juu yetu. Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: rufani hii haina mlango wazi. Kwanza unaomba kibali cha kukata rufani, ukionyesha kwamba majaji wenye akili zao wanaweza kubishana, kuhusu tarehe na pia kuhusu haki unayodai ilivunjwa. Vyote viwili. Kwa hiyo kwa mara ya kwanza kadi ya mahudhurio ilipata kurasa zake: kurasa sita, na kiapo cha msimamizi wa zamu, ambaye wakili huyu alimpata mji wa Beaumont kwa simu mbili. Simu mbili! Mwaka mzima ofisi ya kwanza ilikuwa "inamtafuta".

Jaji mmoja wa New Orleans alikataa kibali. Kurasa mbili. Tumeomba jopo la majaji watatu walitazame upya na hatujajibiwa. Wakili alinipigia siku ileile, jioni, na kabla sijauliza akanitajia tarehe ya hatua inayofuata na siku zilizobaki. Huyu nampa nyota nne na nusu. Ile nusu nimemkata kwa ajili ya mashine yake ya kuchapa, inayotema karatasi zenye mstari mweusi katikati. Kila ukurasa wa rufani yetu umechorwa mstari. Nilimwambia nitamnunulia nyingine, akacheka, sikuwa natania.

Mdogo wangu naye ameniagiza niandike, nikiwa natoa nyota: barua za kawaida siku hizi magereza ya Texas yanazipiga picha na kuwaonyesha kwenye tableti, ila barua ya wakili inafika yenyewe, karatasi halisi. Kwa hiyo ile ya 11 Mei, yenye nembo ya dhahabu, anayo mkononi. Ameikunja mara nne.

Kwa atakayekwenda ghorofa ya 14 pamoja na haya yote, mwulizeni wakili maswali mawili kabla ya kufungua pochi: hukumu imekuwa ya mwisho tarehe gani, na leo ni siku ya ngapi. Aandike na kutia sahihi. Akisema tutaliangalia, kunyweni kahawa mwende zenu.

Maegesho yako nyuma ya jengo, ni bure kwa saa moja. Msizidishe. Mimi siku ya kusaini nilizidisha dakika tisa, nikakuta gari limeshaning'inizwa nyuma ya lori, na mlinzi ananionyesha saa yake.